Kompyuta yangu inaimba, lakini hainisikilizi

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Uyole hapa Mbeya. Mchana niko steshenari kwa shangazi yangu Mwanjelwa, nachapa barua na kutoa fotokopi. Jioni niko mazoezini na kwaya yetu, ambako ndimi mpiga kinanda. Nota za do-re-mi nazisoma bila shida, za mistari bado nababaika.

Mwaka jana nilimwona kijana mmoja kwenye video akiimba, na mbele yake kuna maiki na laptopu. Kila alipopandisha sauti, kompyuta ilimfuata kwa sauti nyingine chini yake. Alipopunguza, nayo ikapunguza. Hakugusa kitu chochote, alikuwa anaimba tu. Nilirudia kuitazama mpaka bando likaisha. Nikaulizia, nikaambiwa mambo hayo yanatengenezwa kwa programu ambazo huandiki mistari ya msimbo: unaweka visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa waya. Nikapakua Pure Data kwa sababu ni ya bure. Laptopu yangu ni ya mtumba, Windows, RAM GB 4.

Toka hapo sina raha. Nikiiga pachi ya mtu (yaani mchoro wake wa visanduku na waya) hatua kwa hatua inafanya kazi na nafurahi. Nikifunga video nijaribu ya kwangu, naganda. Iliyofika mahali ni moja tu: nimefanya herufi za kibodi ya kompyuta kuwa nota, a ni do, s ni re, d ni mi, hivyo hivyo mpaka k ambayo ni do ya juu. Lakini hata hiyo ina kasoro. Kila sauti inapoanza na inapokatika kuna "tk!" inayonikera. Nimeweka na kisanduku cha namba cha kubadilishia ufunguo, kwamba nikiandika 5 nota zote zipande kwa 5, ila nikibadilisha hakuna kinachotokea mpaka nibonyeze herufi nyingine. Na sauti inachelewa. Nikijaribu kwenda pamoja na mpiga ngoma wetu, baada ya muda mfupi kila mtu yuko kwake.

Kaka yangu alisomea kompyuta chuoni. Anasema hii ni michoro ya watoto, nijifunze kwanza Python na hesabu za mawimbi ndipo nirudi huku. Rafiki yangu mwingine anasema Pure Data imepitwa na wakati, wanaojua wanatumia Max, niinunue. Nina akiba ya laki tisa niliyokuwa naikusanya ili ninunue kinanda changu mwenyewe, na sasa nawaza niitoe kwenye hiyo leseni.

La mwisho ndilo linaloniuma. Kwaya yetu ina wimbo wa sikukuu ya mavuno unaoshukuru kwa ajili ya mvua. Siku ya mazoezi, mbele ya wenzangu wote, nilimwambia mwalimu wetu wa kwaya kwamba natamani kompyuta iwe inaitikia kwaya katika wimbo ule. Akasema, "Kompyuta ikiingia hapa, watu watatoka." Watu wakanyamaza, tukaendelea na mazoezi. Huyu ndiye aliyenifundisha kinanda bila kudai hata senti tangu nikiwa shule ya msingi. Sitaki kumvunjia heshima, lakini pia sitaki kuliacha jambo hili.

Nikomae au niache? Na kama ni kukomaa, nianzie wapi?

Binti wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na ndaga fijo kwa kuandika kwa kirefu. Wengi huniandikia "nataka kujifunza, nisaidie" na kuishia hapo. Wewe umeeleza kila kasoro ya pachi yako kama fundi anavyoeleza gari lililoharibika, na kwa sababu hiyo naweza kukujibu kitu cha kukufaa.

Komaa. Na ile akiba usiiguse.

Nianze na pesa ili tulimalize. Max na Pure Data ni ndugu wa baba mmoja. Max ilianza katikati ya miaka ya 1980 kwenye kituo cha utafiti wa muziki cha IRCAM, Paris, mikononi mwa Mmarekani Miller Puckette. Jina lake ni la heshima kwa Max Mathews, ambaye mwaka 1957, katika maabara za Bell huko Marekani, aliandika programu ya kuifanya kompyuta itoe muziki. Baadaye Max ikawa bidhaa ya kampuni ya Cycling '74, ambayo mwaka 2017 ilinunuliwa na Ableton. Puckette mwenyewe alihamia chuo kikuu cha California kule San Diego, akaanza upya, na mwaka 1996 akaitoa Pure Data ikiwa ya bure na ya wazi. Bado anaiendeleza. Anayekwambia imepitwa na wakati ameangalia sura tu, na kweli sura yake haina madoido. Max ni nzuri, ina mapambo na maelekezo yaliyopangwa vizuri, lakini leseni yake ya kudumu ni mamia ya dola. Utakayoyajua kwenye Pure Data yatahama nawe siku ukikaa kwenye studio yenye Max, kwa kuwa mawazo ni yale yale na visanduku vingi vina majina yale yale. RAM GB 4 inakutosha. Watu wanaiendesha Pure Data kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi isiyozidi kiganja. Nunua kinanda chako.

Kaka yako anakutakia mema, lakini amegeuza mpangilio. Ulichokitengeneza ni programu kamili: kina masharti, kina kumbukumbu, kina mfuatano. Hesabu utakazozihitaji mwaka huu ni chache na nyingi unazo tayari kwenye do-re-mi. Ukiiweka do kwenye 60, re ni 62, mi 64, fa 65, so 67, la 69, ti 71. Kila hatua moja ni nusu toni, kumi na mbili zinakurudisha do ya juu. Hiyo 69 ndiyo la inayotetema mara 440 kwa sekunde, na kisanduku cha mtof ndicho kinachogeuza namba ya nota kuwa idadi ya mitetemo. Ukipanda do hadi do, mitetemo inaongezeka mara mbili. Mwimbaji wa kwaya wa Kitanzania aliyelelewa kwenye do-re-mi inayohama ufunguo anaanza safari hii akiwa mbele, maana kichwani mwake nota tayari ni umbali kutoka do na sio jina la kitufe cha kinanda. Python itakuja yenyewe siku utakapoihitaji.

Sasa tuifungue pachi yako.

Ile "tk!" inatokea kwa sababu unaiwasha sauti ghafla. Wimbi lilikuwa kimya, papo hapo linarushwa juu, na spika inaruka nalo. Sikio linausikia mruko huo. Dawa ni kupandisha na kushusha taratibu kwa muda mfupi ambao hakuna atakayeuona. Badala ya kupeleka 1 na 0 moja kwa moja kwenye *~, kile kisanduku kinachozidisha sauti, tengeneza ujumbe ulioandikwa 0.2 15, uupeleke kwenye line~, kisha line~ uiunganishe na tundu la kulia la *~. Maana yake: panda mpaka 0.2 kwa milisekunde 15. Wa kuzima uandike 0 40. Angalia jambo moja ambalo limewalaza watu wengi macho: hicho kisanduku cha *~ kiache bila namba ndani yake. Ukikiandikia namba, tundu lake la kulia linakataa wimbi na kupokea namba tu, na Pure Data italalamika kwa maandishi mekundu usiyoyaelewa.

Ufunguo usiobadilika mpaka ubonyeze herufi nyingine ndio kasoro ninayofurahi umekutana nayo mapema. Wengi wanaoiacha Pure Data wanaiacha hapo, wakidhani kompyuta ina wazimu. Visanduku vingi vina tundu la kuingilia la moto na la baridi. La kushoto ni la moto: kitu kikiingia, kisanduku kinafanya kazi na kutoa jibu. La kulia ni la baridi: kinapokea, kinakumbuka, kinakaa kimya. Mwimbaji wa sauti ya pili anaishika nota yake kichwani, lakini hafungui kinywa mpaka mkono wa mwalimu ushuke. Ndivyo ilivyo 5 yako: imeingia kulia mwa kile kisanduku cha +, imekumbukwa, inasubiri mkono. Ulipobonyeza herufi, nota ikaingia kushoto, na mkono ukashuka.

Kama unataka ufunguo ubadilike papo hapo, kati ya namba yako na + weka kisanduku cha trigger kilichoandikwa t b f. Kina matundu mawili ya kutokea, na siku zote huanza na la kulia. Tundu la kulia, la f, lipeleke kwenye tundu la baridi la +. La kushoto, la b, lipeleke kwenye la moto. Ukiandika 5, kwanza inahifadhiwa, kisha kinakuja kile kichocheo cha bang na + inajumlisha upya kwa nota ya mwisho uliyobonyeza. Kila unapotoa waya mbili kwenye tundu moja kwenda sehemu mbili, jiulize ipi itangulie. Bila trigger, mpangilio unafuata waya uliochorwa kwanza, na kwa macho huwezi kuujua. Ndiyo maana pachi unazoiga zinafanya kazi: mwenye video aliuchora waya kwa mpangilio fulani, nawe ukamfuata bila kujua. Ya kwako ikigoma, unakosa cha kushika. Nakuomba ukae hapa mpaka ikuingie damuni. Usiende mbele kwa sababu video inayofuata ina kichwa cha habari kizuri.

Kuchelewa kwa sauti ni suala la Windows zaidi kuliko la pachi yako. Pure Data inahesabu sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vya wimbi) 64, na kwa sampuli 44,100 kwa sekunde fungu moja ni kama milisekunde moja na nusu. Kwa hiyo kuchelewa unakokusikia kunatoka kwenye foleni ya kadi ya sauti. Sakinisha ASIO4ALL, kiendeshi cha sauti cha Windows ambacho nacho ni cha bure, kisha kwenye menyu ya Media uchague ASIO. Ndani ya Audio Settings kuna namba ya Delay. Ishushe kidogo kidogo huku sauti ikilia. Ikianza kukatikakatika, ipandishe kidogo na uiache hapo. Ukifanikiwa kushuka chini ya milisekunde 20 hivi, wewe na mpiga ngoma mtaanza kuelewana.

Nimejibu kasoro zako kwa kirefu kwa sababu zina majibu. Lakini swali lako kubwa ni kwa nini unaganda ukifunga video, na nadhani ni kwa sababu unaanza na pachi badala ya kuanza na sauti. Unakaa mbele ya ukurasa mweupe na kujiuliza niweke kisanduku gani. Jiulize kwanza: nataka kusikia nini? Uwe na sauti unayoijua kiasi kwamba ikikosewa utajua, hata kabla hujajua kwa nini.

Wewe umeshaitaja. Wimbo wenu ni wa mvua, na wewe ni mtu wa Mbeya. Mvua ya kwenye bati umeisikia toka unazaliwa. Unajua inavyoanza, tone hapa, tone pale, kila moja na sauti yake kwa sababu moja limepiga katikati ya bati na jingine karibu na msumari. Unajua inavyojaza. Tuitengeneze hiyo, na kwaya yako iwe ndiyo inayoinyesha.

Anza na tone moja. Kisanduku cha noise~ hutoa mvumo mtupu, shhhh isiyo na nota. Uupitishe kwenye bp~ 2000 20, kichujio kinachobakiza kipande chembamba cha mvumo huo, kinacholia karibu na mitetemo 2,000 kwa sekunde. Kisha *~ isiyo na namba, kisha *~ 0.3, kisha dac~ inayopeleka kwenye spika. Kwenye tundu la kulia la ile *~ ya kwanza unganisha line~, na juu ya line~ weka ujumbe ulioandikwa 1, 0 30. Ile mkato inagawa ujumbe kuwa miwili: ruka hadi 1 sasa hivi, halafu shuka hadi 0 kwa milisekunde 30. Bonyeza. Umesikia? Ile "tk!" iliyokuwa inakukera kwenye nota ndiyo hasa inayolipa tone ukali wake linapogonga bati. Badilisha 30 iwe 8, kisha 100. Badilisha ile 20 ya kichujio iwe 3, kisha 60. Kabla ya kila badiliko, sema kwa mdomo utasikia nini. Ukikosea, rudia. Zoezi hili dogo litakufundisha kuliko video kumi, na halili bando.

Kabla ya yote hayo, tafadhali: vua hedifoni unapojaribu pachi mpya, au weka *~ 0.1 mbele ya dac~. Kosa la namba moja linaweza kutoa mlio wa kuumiza masikio, na wewe masikio ndiyo jembe lako.

Tone likikuridhisha, liache lianguke lenyewe. Weka metro 120, inayopiga kila milisekunde 120, na swichi ya kuiwasha, ipige random 4, na hiyo ipite kwenye sel 0, inayotoa bang ikikuta 0 tu. Random 4 inachagua kati ya 0, 1, 2 na 3, kwa hiyo ni mpigo mmoja kati ya minne, kwa wastani, unaokuwa tone. Hutajua upi, na hapo ndipo mvua inaacha kufanana na saa ya ukutani. Kutoka sel weka t b b. Tundu la kulia lipige random 3000, ujumlishe 1500, upeleke tundu la katikati la bp~ ili kila tone lichague mahali pake kwenye bati. La kushoto lipige ujumbe wako wa 1, 0 30. Unaona mpangilio? Kwanza tone linachagua sauti, ndipo linaanguka. Hapa hata ukiugeuza sikio halitajua, kwa kuwa vyote viwili vinatokea kabla ya fungu linalofuata la sauti, lakini jizoeze kuupanga hivi.

Sasa masikio ya kompyuta. Adc~ inapokea maiki. Ipeleke env~, ambayo inakupa namba ya ukubwa wa sauti kwa desibeli, 100 ikiwa ndiyo sauti kamili. Weka kisanduku cha namba chini yake, uende nacho mazoezini siku moja, usome tu: chumba kikiwa kimya ni ngapi, kwaya ikiimba kwa nguvu ni ngapi. Tuseme umepata 50 na 85. Basi chini ya env~ weka clip 50 85, inayozuia namba isishuke chini ya 50 wala kuvuka 85, kisha - 50, kisha * -5, kisha + 220, na jibu liingie tundu la kulia la metro. Kwaya ikiwa kimya, metro inapiga kila milisekunde 220, na mpigo mmoja kati ya minne ni tone: karibu tone moja kwa sekunde. Kwaya ikifika 85, metro inapiga kila milisekunde 45, matone matano au sita kwa sekunde. Nakili upande wa matone mara tatu na una mvua ya kutosha. Soprano wakipanda, bati linajaa. Mwalimu akishusha mkono, yanabaki matone ya mwisho. Hutagusa kitu chochote, kama yule kijana wa kwenye video.

Mtego mmoja utaukuta hapo. Spika ikiwa karibu na maiki, kompyuta itaisikia mvua yake yenyewe, itadhani ni kwaya inaimba kwa nguvu, itaongeza mvua, na mvua itajinyesha bila kukoma. Maiki iwe karibu na waimbaji, spika iwe mbele yao ikiwatazama waumini, na zile 50 zote mbili uzipandishe mpaka mvua peke yake isiweze kuzivuka.

Ukikwama kwenye kisanduku chochote, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake na uchague Help. Inafunguka pachi inayofanya kazi, unaweza kuichezea na kuiharibu. Kwenye menyu ya Help kuna Browser, na ndani yake folda za 2.control.examples na 3.audio.examples. Ile ya sauti inaanza na A01, wimbi moja tu, na kufika A03 utaikuta line~ uliyoihitaji kwa ile "tk!". Vyote vimo ndani ya programu uliyokwisha kuipakua, hata siku ambayo simu haina kitu.

Nije kwa mwalimu wako wa kwaya, na hapa nisikilize kama mzazi. Ulipokosea ni mahali, wala sio wazo. Mtu wa makamo, mbele ya kwaya yake nzima, anaambiwa na binti aliyemfundisha mwenyewe kwamba kuna mashine ya kuongeza: ulitaka ajibuje? Asingeweza kuuliza maswali bila kuonekana hajui. Akafunga mlango. Nenda kwake jioni, sio siku ya mazoezi. Salimia, kaa, ongeeni habari za nyumbani, ndipo useme, "Mwalimu, nimekuja kuomba masikio yako." Usimfungulie skrini ya visanduku na waya. Mpe maiki, umwombe aimbe ubeti mmoja. Mvua inyeshe kwa sauti yake. Halafu umuulize anachosikia kimekosewa. Mtu aliyesimamia sauti nne miaka yote hiyo atakusikilizia makosa ambayo wewe na mimi hatuyasikii, na bila shaka atakuwa na neno juu ya mahali mvua inapopaswa kuanza katika wimbo.

Hofu yake ina msingi, na sitaki uidharau. Zipo kwaya ambazo kinanda chenye midundo tayari kimewanyang'anya wapiga ngoma kazi, na besi ya mashine imewafanya wanaume wa besi wajione hawahitajiki. Usitengeneze kamwe sauti ya kumbadilisha mtu aliyepo. Mwahidi hivyo, na utimize. Mkumbushe pia, kwa maneno yako, kwamba programu hizi zilizaliwa kutokana na shida ya mashine isiyomsikiliza mtu. Kabla yake, mwanamuziki aliyepiga pamoja na sauti zilizorekodiwa alilazimika kuufuata mkanda, mkanda hausubiri mtu. Pale Paris, Puckette alikuwa akifanya kazi na mtunzi Philippe Manoury kwenye muziki wa ala na kompyuta, na walichokitafuta ni mashine imfuate mpigaji. Kwaya yako ikiimba polepole, mvua itasubiri. Mwalimu akiamua siku ile kurudia kiitikio mara tano, hakuna kitakachoharibika. Na mwekee swichi moja kubwa ya kuzimia, umwonyeshe ilipo.

Akikataa bado, kubali kwa mwaka huu, uendelee kumpigia kinanda kwa moyo ule ule. Pachi haiozi.

Kuhusu kipato, nikwambie ukweli: sijui mtu wa Mbeya wa kukulipa kesho kwa kuchora visanduku. Baki steshenari. Lakini anayeelewa kwa nini sauti inachelewa, kwa nini maiki inapiga mluzi, kwa nini spika inakwaruza, anahitajika kila panapofanyika harusi, mkutano na ibada, kuanzia hapo Uyole hadi Tukuyu, na hayo yote utayajua ukiwa unatafuta mvua yako.

Sikukuu za mavuno huwa kiangazi, hakuna tone linaloanguka Mbeya, kwa hiyo una muda na bati halitakushindania. Hifadhi kila hatua kwa jina lake, mvua1, mvua2, mvua3, usiandike juu ya ile iliyofanya kazi. Matone yakikubali, tuingie kwenye sigmund~, inayotambua nota ya mwimbaji. Hiyo ndiyo iliyokuvuta kwenye video ile. Ukikwama kabla ya hapo, niandikie. Usinitumie picha ya skrini, nitumie faili lenyewe la .pd. Ni maandishi matupu, jepesi, linapita hata WhatsApp, na ndani yake nitaona waya upi ulichorwa kwanza.

Mwalimu